Karatasi ya Mbwa Mwekundu

Karatasi ile ilisema mbwa mwekundu. Mbwa wetu alikuwa mweusi, mweusi tii, isipokuwa mguu mmoja wa mbele uliokuwa mweupe kana kwamba amekanyaga unga.

Niliisoma mara mbili, nimesimama mlangoni nipate mwanga, halafu nikamtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta uwele, na hakuinua kichwa.

"Mama, hapa wameandika mbwa mwekundu."

"Alikuwa na vumbi," akasema, akaendelea kupepeta.

Kwa mtu asiyeijua nchi yetu, jibu hilo lingekuwa la kuchekesha. Lakini huku kwetu Iramba, ukifika mwezi wa tisa, hata mbuzi mweupe anageuka rangi ya tofali, na mtoto akirudi kutoka shule unamtambua kwa sauti. Mtu wa ofisi aliyeletewa mbwa wa kijiji kizima asubuhi moja angeweza kukosea. Nikaikunja karatasi, nikairudisha ndani ya Biblia alimokuwa ameiweka. Sikuamini. Ila sikutaka kuwa binti aliyetoka masomoni jana, leo anamwita mama yake mwongo.

Masomo yenyewe yalikuwa ya wiki chache tu, hospitalini Kiomboi. Tulikuwa tumekusanywa kwenye kijiji kipya mwaka uliotangulia, nyumba zimepangwa mistari kama vitanda vya shule, na serikali ya kijiji ilitaka kila kijiji kiwe na mtu anayejua kufunga kidonda na kuchemsha sindano. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sijaolewa, naishi na mama aliyekuwa mjane. Wakanichagua. Nikiwa huko ndipo watu wa mifugo walipopita kijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Kila mwenye mbwa alipewa karatasi yenye jina la kijiji, tarehe, na rangi ya mbwa.

Kati ya waliotufundisha kulikuwa na muuguzi mmoja wa makamo aliyependa mbwa kuliko tulivyozoea kuona mtu mzima akiwapenda. Alipomaliza kutufundisha namna ya kumwosha mtu aliyeng'atwa, akaongeza, "Na mbwa wenyewe je? Mnangoja mpaka waumie ndipo mtafute kamba?" Akatuambia kila nyumba yenye mbwa iwe na kopo lake: kipande cha sabuni, chumvi, vitambaa vilivyochemshwa, wembe, dawa ya zambarau, na utepe mrefu wa kitambaa wa kumfunga mdomo. "Mbwa akiwa na maumivu atamng'ata hata anayempenda," alisema. "Mfunge mdomo kwanza, halafu mhurumie. Lakini anayetapika au anayehema kwa shida msimfunge, mtamuua."

Niliporudi nikatafuta kopo la maziwa ya unga, nikalijaza vitu hivyo, nikaliweka juu ya dari ya jikoni. Jumapili baada ya kanisa nilimlaza mbwa chini ya kivuli cha nyumba, nikamtoa kupe masikioni mmoja mmoja, nikamkagua vidole na meno. Jirani mmoja alinishauri nimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kama ilivyo, bila maji. Nikakataa, maana nilikuwa nimeambiwa kwamba dawa hiyo kali ikilambwa ni sumu. Naye akaondoka akitikisa kichwa.

Baada ya wiki mbili maneno yalikuwa yamefika kisimani. Kwamba mimi nina kopo la dawa ya mbwa. Kwamba nachemsha vitambaa. Kwamba namkata mbwa nywele na kuzitunza. Singida ya wakati ule ilikuwa bado haijasahau habari za watu waliosemekana kuwatumia wanyama kuua watu, wazee walizisimulia kwa sauti ya chini, na mwanamke kumshughulikia mnyama kwa vitambaa na wembe halikuwa jambo la kupita hivihivi. Nilipofika kisimani wanawake walinyamaza, halafu wakaanza kuzungumza habari ya mvua.

Mama naye alikuwa na shaka zake, na nyingi zilimwelekea mtu mmoja: balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mpole, nyumba yake ikitazamana na yetu. Kila alfajiri baada ya swala alisimama kwenye kona ya ukuta wake, mikono nyuma, akitazama uwanja wetu kwa muda mrefu. Hasemi kitu. Akituona tumetoka, anatusalimia na kuingia ndani.

"Anahesabu mbuzi zetu," mama alisema.

"Mbuzi zetu ni saba, mama. Ameshazihesabu tangu mwaka jana."

"Basi anamtaka mbwa. Dini yake haimruhusu hata kumgusa. Anataka tumwondoe."

Mbwa huyo alikuwa kitu cha mwisho alichotuachia baba. Alimleta kutoka mnadani akiwa mdogo, ndani ya mfuko wa koti, na wiki chache kabla ya kufa alikuwa bado anagawana naye ugali. Fisi walimjua. Tangu tuhamie pale hatukupoteza mbuzi hata mmoja, na katika mstari wetu hakuna nyumba nyingine iliyoweza kusema hivyo.

Mbweha alikuja mchana, mavuno yakiwa yamekaribia.

Ilikuwa saa saba hivi, jua la kupasua kichwa. Mama alikuwa ameanika uwele, mimi nashona mkeka. Nilimwona akija katikati ya njia ya kijiji, polepole, kichwa chini, kama mgonjwa anayekwenda zahanati. Kuku wakapiga kelele, hakuwaangalia. Watoto wakamtupia mawe, hakukimbia. Mbwa wetu akamrukia, na yule mbweha, mnyama ambaye siku nyingine angekuwa ameshavuka kilima, akamgeukia akamng'ang'ania mdomoni. Wakabiringishana mpaka kwenye uwele wa mama. Mwisho mbweha akalala kimya na mbwa akasimama juu yake, damu inamtoka mdomoni na begani.

Mama akapiga kigelegele. "Mmemwona? Mmemwona mwanaume?"

Majirani walikuwa wamejaa, wanacheka, wanamsifu. Mimi nikauweka mkeka chini. Mnyama wa porini anayesahau kuogopa watu: maneno hayo niliyaandika mwenyewe kwenye daftari Kiomboi, nikayapigia mstari.

"Mtu asimguse," nikasema. "Mama, toka hapo. Mtu yeyote asimguse mbwa wala mbweha."

Nilichukua kopo. Nilivaa mikononi mifuko ya nailoni iliyotoka kwenye magunia ya mbolea, nikamfunga mbwa kamba kwenye nguzo, nikamfunga mdomo kwa ule utepe kwa mbali kadiri nilivyoweza. Nikamwosha vidonda kwa sabuni na maji mengi, ndoo baada ya ndoo, mpaka jirani mmoja akauliza kama naosha mbwa au nafua shuka. Mbweha nikamsukuma kwa jembe, nikamfukia kwenye shimo refu kuliko nililowahi kuchimba. Uwele ulioangukiwa na damu nikauchoma moto. Hapo ndipo vicheko vilipokwisha. Mtu anayechoma chakula mwezi wa njaa ana sababu, na kila mmoja akaanza kujitafutia ya kwake.

Balozi alikuwa amesimama konani kwake.

Bwana mifugo alifika baada ya siku mbili kwa baiskeli, kijana wa kaptura ya kaki, mgeni katika tarafa yetu. Aliyechanja mbwa alikuwa ameshahamishwa. Alisikitika kwamba nilimfukia mbweha mzima bila kukitoa kichwa cha kupimwa. Kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa.

"Mbwa huyu amechanjwa?"

"Amechanjwa," mama akasema, na karatasi ilikuwa tayari mkononi mwake.

Bwana mifugo akaisoma. Akamtazama mbwa. Akaisoma tena. "Mama, hapa pameandikwa mwekundu."

"Alikuwa na vumbi."

Akanitazama mimi. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Kama mbwa hajachanjwa, alieleza, na ameng'atwa na mnyama wa namna ile, jambo la busara ni kumuua siku hiyohiyo. Au akiachwa, afungiwe peke yake miezi sita, asiguswe na mtu. Kama amechanjwa kweli, basi atachanjwa tena na kuangaliwa kwa wiki kadhaa, na matumaini yapo.

Nilijua. Sikuwa na ushahidi, lakini nilijua, kama unavyojua maziwa yameharibika kabla hujayaonja. Nikamtazama mama, nikaona jinsi alivyoishika ile Biblia kifuani, nikamfikiria baba na koti lake.

"Vumbi la huku ni jingi," nikasema.

Nimeishi miaka mingi na sentensi hiyo.

Bwana mifugo akamchanja mbwa, akaandika karatasi nyingine, akaniambia pembeni, "Dada, mimi nakuomba umfungie kama ambaye hajachanjwa. Unanielewa?" Nikamwambia nimeelewa.

Nilimjengea boma lake nyuma ya nyumba, miti imesimamishwa karibukaribu, miiba nje, mnyororo ndani. Chakula nilikisukuma kwa mti mrefu kupitia tundu la chini, na maji niliyamimina kwa kibuyu chenye mpini mrefu kwenye sufuria iliyozikwa nusu ardhini. Mama nilimwambia asikaribie. Akaapa kwamba hatakaribia.

Wiki ya kwanza vidonda vilikauka. Wiki ya pili mbwa alikuwa ananenepa na kunililia. Kijiji kiligawanyika. Wengine walisema ni mbwa wa binti wa zahanati ndiyo maana hauawi, angekuwa wa mtu mwingine angeshapigwa risasi. Wengine walisema nimemfungia ili nimlishe dawa. Mwenyekiti wa kijiji aliniita ofisini akaniuliza, kwa upole usionipendeza, kama kopo lile nililipewa kweli Kiomboi au nililipata kwa mtu. Nikalileta, nikalifungua mezani, nikatoa kitu kimoja kimoja. Akainusa sabuni.

Wiki ya tatu nikaanza mimi mwenyewe kumshuku mtu.

Nikirudi kutoka shamba la kijiji jioni, mbwa alikuwa hana njaa. Nilikuwa nampa pumba na dagaa kidogo, na asubuhi alizimaliza kwa haraka, lakini jioni alizinusa tu na kulala. Siku moja nikaona punje za ugali mweupe kando ya sufuria. Siku nyingine mwiba mmoja kwenye mlango wa boma ulikuwa umegeuzwa, ncha ikitazama ndani.

"Mama, nani anaingia kwa mbwa?"

"Kuku."

"Kuku wanapika ugali?"

"Muulize balozi wako," akasema kwa hasira. "Yeye ndiye anayeshinda akitazama. Labda ametupa kitu. Labda anataka kumpa sumu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumtazama balozi. Nikachelewa makusudi kwenda shamba, nikajificha jikoni. Nilimwona akija mpaka katikati ya njia, akasimama, akavuta pumzi, akarudi kwake. Asubuhi ya pili vilevile. Nikasema moyoni, mama ana haki, mzee huyu ana lake.

Katika wiki ya tano sauti ya mbwa ilibadilika. Ndicho kitu cha kwanza nilichogundua, kabla ya kingine chochote. Alikuwa na mlio mzito uliojulikana kijiji kizima, na asubuhi ile alibweka mara moja tu, na mlio ukapanda mwishoni ukavunjika, kama sauti ya kijana anayebalehe. Nikaweka jembe chini. Nikamchungulia. Alikuwa anatazama nguzo moja bila kupepesa macho. Nikamwita jina lake, hakugeuka. Kufika adhuhuri alikuwa anatafuna udongo na vipande vya mti, na udenda unamning'inia. Nilimimina maji. Akasogea, akatumbukiza mdomo, koo likakaza, hakumeza.

Nilimtuma mtu kwa baiskeli. Nikaongeza miiba mlangoni, nikazuia njia ya nyuma kwa kamba, nikakaa kwenye jiwe nikilinda, si yeye dhidi ya watu bali watu dhidi yake. Bwana mifugo alifika siku ya pili asubuhi pamoja na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Mbwa alikuwa amelala kwa ubavu, taya limelegea, akijaribu kuuma mnyororo. Risasi ilikuwa moja.

Mama hakulia. Alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango.

Bwana mifugo alivaa glavu nene, akakikata kichwa, akakiweka kwenye debe lenye kifuniko, akalifunga kwa waya. Watu waliokuwa wamesimama mbali wakaanza kunong'ona. Mmoja akapaza sauti. "Serikali inataka kichwa cha mbwa cha nini?"

"Kinakwenda kupimwa," akajibu.

"Mbona kiwiliwili hamtaki?"

Alieleza kwamba ugonjwa huo unakaa kwenye ubongo. Sidhani kama watu wawili walimwamini. Debe likafungwa nyuma ya baiskeli, na alipopita njia ya kijiji wanawake waliwavuta watoto wao ndani.

Nilikuwa nachoma miti ya boma wakati balozi alipovuka njia. Safari hii alivuka yote, akafika mpaka mlangoni kwetu. Nikaacha moto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mwite mama yako."

Mama akatoka, kanga imemzunguka mikono. Balozi hakukaa kwenye kigoda nilichomletea.

"Dada yangu," alimwambia mama, "najua unavyonifikiria. Mimi simchukii mbwa. Mbwa akinigusa najiosha, basi, imekwisha. Nataka nikuambie neno moja, ukitaka unifukuze baadaye."

Mama akaegemea mwimo wa mlango.

"Nilikuwa na dada. Tulikuwa watoto wa kuchunga, huko tulikokuwa tunaishi zamani. Mbwa wetu wenyewe alimparua kidogo hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Kikapona. Tukasahau. Miezi miwili ikapita, siku moja akaomba maji. Nikamletea mimi. Alipoyaona kwenye kibuyu akapiga kelele. Ana kiu, anaomba maji, na maji yakija anakimbia. Siku tatu. Baba alimfunga kwa kamba kama ng'ombe, akiwa anaongea na kutuita kwa majina yetu." Akatazama chini. "Kwa hiyo tangu mlipohamia hapa na mbwa wenu nimekuwa namtazama. Kila asubuhi. Nikisikia ameamka salama ndipo naweza kunywa chai. Si mbwa wenu tu, ni mbwa wote. Nyumba zilipokuwa mbalimbali nilikuwa natazama mmoja."

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema nini, binti? Mwislamu anawaambia watu wafunge mbwa. Wangesikia hicho tu." Akamgeukia mama tena. "Lakini leo nimekuja kusema, kwa sababu nimekuona ukiingia mle bomani. Binti akienda shamba, wewe unaingia na bakuli. Juzi nilikuona. Jana alfajiri, binti hajaamka, nilikuona. Nilianza kuvuka njia mara mbili nikashindwa. Niambie, alikugusa?"

Nilimtazama mama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mikono yake ilikuwa chini ya kanga tangu asubuhi.

Akaitoa. Kwenye kidole gumba cha kushoto palikuwa na mkato wa mundu, wa kuvuna uwele, haujafunga. Kidole kimevimba kidogo.

"Alinilamba," akasema. "Hakuning'ata. Alinilamba tu. Alikuwa na njaa ya kuwa na mtu."

Balozi akafumba macho.

"Na hakuchanjwa," mama akaendelea, sasa maneno yanatoka haraka, nusu Kiswahili nusu Kinyiramba. "Nilimficha korongoni siku waliyokuja. Karatasi niliiomba kwa mwenzangu wa mstari wa juu, mbwa wake aligongwa na lori. Mnanitazama nini? Walikuja wakaandika nyumba yetu, nyumba ikabomolewa. Wakaandika shamba, shamba likawa la wote. Sasa wamekuja na kalamu wanamwandika mbwa wa marehemu. Na watu walisema akichomwa sindano habweki tena. Ningefanya nini?"

Nilichukua ndoo na sabuni, nikamkalisha, nikauosha mkono ule mpaka ngozi ikanyauka. Kesho yake kabla jua halijawaka tulikuwa njiani kwenda Kiomboi, miguu mpaka barabara kubwa, kisha basi.

Daktari alisikiliza yote bila kutukatiza. Akaniuliza na mimi nilimgusa mbwa mara ngapi, bila mifuko mara ngapi. Nikajaribu kuwa mkweli, na ukweli ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Akasema tutachomwa wote wawili. Dawa ilibidi iagizwe Singida mjini, ikaja na basi la siku iliyofuata ndani ya boksi lenye barafu. Sindano za wakati huo zilichomwa tumboni, kila siku moja, zaidi ya wiki mbili. Tulilala kwa binamu yake mama karibu na hospitali, na kila asubuhi tulijipanga foleni tukiwa tumeshika matumbo kama wajawazito.

Mama hakugeuka kuwa mtu mwingine. Siku ya kwanza alitaka kuiona chupa. Akataka kuona sindano inavyochemshwa. Muuguzi alipofungua daftari kuandika jina lake, mama akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Mkiniandika hapa, nini kinafuata?"

Muuguzi alikuwa ni yuleyule aliyetufundisha habari ya kopo. Hakucheka. Akamwambia, "Kesho usipokuja, nitaona jina lako halina alama, nitakuja kukutafuta. Ndicho kinachofuata."

Mama akafikiri. Akaondoa mkono.

Tumbo likavimba mabonge, tukashindwa kulala kifudifudi. Siku ya tisa alikataa kuamka, akasema afadhali kichaa. Nikamwambia habari ya dada yake balozi tena, neno kwa neno, maji na kibuyu. Akavaa kanga yake.

Hapohapo Kiomboi ndipo bwana mifugo alipotufikia na majibu ya kile kichwa: kichaa kilikuwepo, bila shaka yoyote. Nilimtoa nje, nikamwambia kwamba nilikuwa najua karatasi ni ya uongo siku ile aliponiuliza. "Na mimi nilijua," akasema. "Ningeweza kusimama imara. Nilikuwa na wiki tatu kazini, nikaogopa kijiji." Hatukulaumiana zaidi ya hapo. Tulipeana mkono, akaenda.

Tuliporudi kijijini tulikuta uwele wetu umevunwa na kuwekwa ghalani. Wakwe wa balozi ndio waliofukuza ndege na kukata masuke. Mbuzi wawili walikuwa wameliwa na fisi, kwa kuwa hapakuwa na wa kubweka. Wanawake kisimani walinisalimia vizuri, na mmoja aliniuliza kwa kuzungukazunguka kama naweza kumtengenezea kopo kama langu. Wengine waliendelea kuniogopa. Wapo walioamini mpaka uzeeni kwamba kichwa kile kilikwenda kutengenezewa dawa ya mtu mkubwa.

Lakini shaka iliyobaki ndani ya nyumba yetu ilikuwa ya aina nyingine. Daktari alikuwa ametuambia kwamba dawa inafanya kazi kwa wengi, na kwamba ugonjwa ukitaka kuja unaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo nikaanza kumwangalia mama. Kila alipoinua kata ya maji, mkono wangu ulisimama kwenye kazi niliyokuwa nafanya. Akikohoa akinywa uji, naacha kula nimtazame. Sauti yake ikikwaruza asubuhi namwuliza kitu chochote ili aongee zaidi. Nilidhani nafanya kwa siri.

Miezi ikapita hivyo, mvua zikaanza, tukapanda. Siku moja tulikuwa shambani, tumekaa kwenye tuta tunapumzika. Mama akachukua kibuyu, akanywa maji mengi, taratibu, funda baada ya funda, macho yake juu yangu. Akafuta mdomo.

"Umehesabu?" akauliza.

Nikaona aibu. "Sikuwa nahesabu, mama."

"Unahesabu tangu Kiomboi. Sasa kunywa na wewe." Akanipa kibuyu. "Kunywa nikuone. Wewe unadhani ni wewe peke yako uliyekuwa hulali?"

Nikanywa. Alinitazama kooni mpaka nilipomeza funda la mwisho, akachukua kibuyu, akakifunga, tukasimama kumalizia mstari wa mtama kabla mvua haijarudi.